Hoteli ya Bwana Fawlty, Msimu wa 1979

Mwaka 1989 nilikuwa na umri wa miaka 20, nikihudumu mezani katika hoteli moja ndogo ya Mji Mkongwe, Unguja. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza: nusu cha skuli, nusu cha redio, na kilichobaki nilikizua mwenyewe. Jioni moja mgeni akaniomba kitu cha kutia katika gilasi yake. Masikio yangu yalisikia neno la Kiingereza lenye maana ya wali. Nikaenda jikoni, nikarudi na sahani ya wali mweupe, wa moto, unafuka moshi, nikauweka kando ya gilasi kwa adabu zote. Alichokitaka ni barafu. Maneno hayo mawili, kwa wale wenyewe, yanatengana kwa herufi moja tu ya mwanzo. Meza nzima iliangua kicheko. Mkuu wangu wa kazi akaja, akanitia mkono begani, akawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba wanisamehe, huyu ametoka shamba. Hayo niliyafahamu yote, neno kwa neno.

Juma lililofuata, wageni wakiwa wamelala, nilikaa sebuleni na mwenzangu wa zamu mbele ya deki ya video. Kanda iliyokuwamo iliachwa na mgeni fulani. Haikuwa na jaladi wala jina. Akatokea bwana mrefu kama mlingoti, mwenye masharubu, akimfokea mhudumu mfupi aliyevaa koti jeupe. Mhudumu haelewi kitu. Kila aambiwalo hujibu "Qué?", yaani kwa Kispaniola anauliza, nini? Yule mrefu anampiga kofi la kisogo, kisha anawageukia wageni na kuwaeleza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa uchafu wa mbwa wake, kwamba huyu ametoka Barcelona. Mwenzangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi kicheko kilinichelewa, na kilipokuja nilijua vyema namcheka nani.

Kanda ile ilikuwa na sehemu za msimu wa pili wa Fawlty Towers, mchezo wa kuchekesha ulioonyeshwa na BBC2 ya Uingereza mwaka 1979. Mchezo wote una sehemu 12 tu: sita za mwaka 1975 na sita za 1979. Ukiuweka mbele ya michezo ya leo, inayotimiza sehemu mia na kupita, ni kama diwani ya kurasa chache iliyosahauliwa kati ya misahafu. Hata hivyo, mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilipowataka wajuzi wa fani wavipange vipindi 100 bora vya televisheni ya nchi yao, diwani hiyo nyembamba ndiyo iliyowekwa ya kwanza. Nakusudia kuueleza msimu wa pili peke yake. Wa kwanza una umaarufu wake na hauhitaji wakili. Wa pili ndio uliopanda na kushuka, ukakatwa njiani na mgomo, na ulitungwa na watu wawili ambao nyumba yao ilikwisha bomoka.

Asili ya hadithi ni ya kweli. Mwezi Mei 1970 kikundi cha wachekeshaji cha Monty Python kilifika Torquay, mji wa pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, kupiga picha za kipindi chao, kikapanga katika hoteli iitwayo Gleneagles. Mwenye kuiendesha, Donald Sinclair, baharia wa zamani wa jeshi la majini, aliwaona wageni kama bughudha iliyomwingilia nyumbani mwake. Mmoja wao, Mmarekani, alikosolewa mezani kwa namna alivyoshika kisu na uma. Mkoba wa mwengine ulitolewa nje na kuwekwa mbali na jengo kwa khofu ya kuwa una bomu. Wenzake wakahama. John Cleese akabaki, akamwita mkewe Connie Booth aje, wakakaa wakimtazama yule bwana kama vile mvuvi atazamavyo chambo. Cleese alimjaribu kwanza mwaka 1971 katika sehemu moja ya mchezo mwengine kuhusu madaktari. Miaka minne baadaye wakamjengea hoteli yake, wakamwita Basil Fawlty, wakampa mke, Sybil, anayeijua kazi kuliko yeye, msichana wa kazi mwenye akili, Polly, aliyechezwa na Booth mwenyewe, na Manuel.

Msomaji mmoja wa miswada ndani ya BBC aliisoma kazi ile kabla haijachezwa, akaandika kwamba haoni humo ila maafa. Namtaja kwa huruma. Sisi tunaopokea mashairi ya watu na kuyarudisha tunajua hatari ya kalamu ya asubuhi yenye njaa.

Baina ya msimu wa kwanza na wa pili ilipita miaka mitatu na zaidi. Katika muda huo ndoa ya Cleese na Booth, iliyofungwa mwaka 1968, ilivunjika, na talaka ikapita mwaka 1978. Hawakuacha kutunga pamoja. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi kuliko nilivyolifikiri jambo lolote jengine katika habari hii. Watu wawili walioshindwa kuishi chini ya dari moja wanakaa meza moja, majuma kwa majuma, wakitunga maneno ya mume na mke wasiopendana, kisha mmoja anasema, hapana, neno hili halichekeshi, tulifute. Cleese ameeleza kwamba mswada wa sehemu moja ulikuwa wa kurasa karibu mara mbili ya miswada ya kawaida ya michezo ya nusu saa. Si kwamba mchezo ulikuwa mrefu. Maneno yalikuwa yakisemwa mbio, na milango ikifunguliwa na kufungwa mbio zaidi.

Hapa mwenye kujua vina na mizani atanielewa upesi. Mchezo wa aina hii una bahari yake. Mlango ukifunguliwa katika dakika ya tatu lazima ufungwe katika dakika ya 20, na aliyefichwa kabatini lazima atoke pale ambapo kina kinamwita. Ukizidisha mizani moja, beti nzima inachechemea. Watunzi wengi wa vichekesho huandika kama watu wanaotupa kokoto majini; hawa wawili waliandika kama mtunzi wa utenzi anayejua, tangu ubeti wa kwanza, kina cha bahari kitakachomfikisha mwisho.

Msimu ulifunguliwa tarehe 19 Februari 1979, na ulifunguliwa kwa kilele. Anaingia hotelini Bi Richards, kikongwe kiziwi, mkali kama pilipili kichaa, aliyechezwa na Joan Sanderson. Anacho kifaa cha kusikilizia lakini hakiwashi, kwa kuwa kinamaliza betri. Mwenye masikio mabovu anakutanishwa na mwenye lugha mbovu, naye ni Manuel, na mazungumzo yao ni ngoma ya watu wawili wanaocheza nyimbo mbili. Wakati huo huo Basil ameshinda paundi 75 katika mbio za farasi, na mkewe amempiga marufuku kamari. Anamficha mkewe zile fedha, na anamfundisha Manuel kwa taabu kubwa kwamba akiulizwa lolote aseme hajui kitu. Zinapopotea fedha za Bi Richards, na Basil anatuhumiwa, shahidi wa pekee wa kuthibitisha kwamba hizi ni za farasi ni Manuel. Basil anamsihi aseme. Manuel anajitutumua kwa fahari, na anatamka kwamba hajui kitu.

Hicho ndicho kitu nilichokirejesha nyuma katika ile kanda mara tatu usiku ule. Mtumishi hajakosa. Ametii kuliko alivyotakiwa kutii. Kila aliyepata kufanya kazi chini ya mtu mwenye kelele anaijua silaha hii. Huna haja ya kugoma. Fanya hasa ulivyoambiwa, wala usizidishe.

Sehemu ya pili, ya juma lililofuata, ndiyo bonde la msimu kwa maoni yangu. Anakuja hotelini daktari wa maradhi ya akili na mkewe, na Basil anaingiwa na wahka kwamba watu hawa wanamsoma ndani. Wanamwuliza yeye na mkewe hupata nafasi mara ngapi, wakikusudia likizo. Yeye anadhani wanamwuliza mambo ya chumbani. Mzaha huo ni mzuri, na mwenye mafumbo ya Kiswahili ataufurahia. Lakini baada yake hadithi inahamia kwenye ngazi, madirisha na kijana aliyemficha mwanamke chumbani, na Basil anazungushwa humo hadi kichekesho kinakuwa kama mpira unaopigwa ukuta ule ule. Mahala pake pa mwisho pana aibu isiyochekesha. Najua wako wanaoipenda. Waipende.

Kisha tarehe 5 Machi ukaja usiku wa Mmarekani. Bwana Hamilton anafika amechelewa, amelowa, ana njaa, na yu tayari kulipa ziada ili jiko lisifungwe. Basil anaichukua ile ziada, anamwachia mpishi aende zake, na anabaki peke yake na mgeni anayetaka saladi ya Waldorf: matofaa, seleri, zabibu na jozi, vyote ndani ya mayonezi. Basil hajui Waldorf ni nini na hataki kukiri. Anadai kwamba jikoni yumo mpishi, anagombana naye kwa sauti nyuma ya mlango, anamjibia, na hatimaye anatoa barua ya kuomba radhi aliyojiandikia yeye mwenyewe. Mgeni anafungua mlango na kumkuta Basil akimfokea mpishi asiyekuwepo.

Mwanzoni mwa sehemu hii pana fumbo lililonishughulisha miezi miwili nilipojaribu kuitafsiri. Mgeni anaagiza kinywaji cha vodka na maji ya machungwa ambacho Waingereza hukiita kwa jina la bisibisi. Basil, asiyejua vinywaji vya kigeni, anadhani mgeni anataka kutengeneza kitu kilicholegea. Kwa Kiswahili bisibisi ni bisibisi, haina kileo ndani yake. Nikatafuta kinywaji chenye jina la chombo cha fundi, sikupata. Mwisho nikaliacha bisibisi na kodi yake, nikamfanya mgeni aseme, "Niletee tikiti, na mke wangu naye tikiti." Mwenye hoteli anajibu kwamba meli ya Pemba imekwisha ondoka, wasubiri ya kesho. Si ule mzaha wa asili, ila umekaa kwenye kiti kile kile. Mwenye kutafsiri mashairi atanisamehe. Mwenye kutafsiri mikataba hatanisamehe.

Mwisho wa sehemu hiyo Basil anawageukia wageni wote walalamikaji, anawafukuza, na baada ya kumwambia mkewe kwamba ama wao ama yeye, anatoka kwa ghadhabu katika mvua kubwa. Mvua inamrudisha. Anaingia tena kwa mlango ule ule, analowa, na anaomba chumba kama mgeni. Naijua mizaha mingi. Sijui mwengine unaomwonyesha mtu kwa uwazi namna hii kwamba nyumba anayoichukia ndiyo pekee aliyo nayo.

Nifike sasa kwenye maiti. Cleese alikuwa na rafiki aliyewahi kufanya kazi katika hoteli ya Savoy ya London, akamwuliza shida kubwa ya kazi ile ni ipi. Akajibiwa, wageni wanaofia vitandani. Namna ya kuwatoa bila wengine kuona. Jina la rafiki huyo, Leeman, alipewa mgeni anayekufa. Katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 12 Machi, Basil anampelekea kifungua kinywa cha samaki wa kukaushwa kwa moshi, ng'onda wa Kiingereza, na hatambui kwamba mtu amekwisha kufa. Anamlaumu kwa kutojibu. Kisha, akimwekea gazeti na maziwa, anaanza kulalamikia habari za siku: mgomo mwengine tena, viwanda vya magari, serikali inayomwaga fedha. Maiti inamsikiliza kwa utulivu. Akitambua, khofu yake ya kwanza ni kwamba samaki alikuwa ameharibika, na anahangaika kuwaficha samaki kabla ya kufikiri habari ya marehemu.

Mtazamaji wa leo anaona hapo kichekesho tu. Mtazamaji wa Machi 1979 alikuwa ametoka katika kipindi kizito. Kati ya mwisho wa 1978 na mwanzo wa 1979 Uingereza ilishikwa na migomo: madereva wa malori, wafanyakazi wa hospitali, wazoa taka. Mjini Liverpool, mwezi Januari, wachimba makaburi waligoma, na maiti zikawekwa katika ghala zikingoja kuzikwa. Majuma machache baadaye watu wale wale wanakaa mbele ya televisheni na kumwona mwenye hoteli akiizungusha maiti isiyo na pa kuwekwa, huku akiilalamikia migomo. Sidai kwamba watunzi walikusudia Liverpool. Kisa chao kilitoka Savoy. Lakini kicheko kina masikio yake, na kilisikia. Mwisho wake Basil mwenyewe anajitia katika kapu la nguo za dobi ili kuwakimbia wageni wenye hasira, na wanambeba.

Baada ya hapo ratiba ikaanza kuyumba. Juma moja likapita kitupu, na sehemu ya tano ikaonyeshwa tarehe 26 Machi. Hii ni sehemu ninayoishindwa. Ni siku ya kukumbuka ndoa ya Basil na Sybil. Basil ameandaa jambo la kumshangaza mkewe, amewaalika marafiki kwa siri, amemwahidi Manuel apike wali wa Kispaniola wa mapishi ya mama yake. Ili mshangao unoge, anajifanya ameisahau siku. Sybil anaamini, kwa kuwa mwaka uliopita aliisahau kweli, na anaondoka kwa machozi dakika chache kabla ya wageni kufika. Basil anashindwa kusema kweli. Anawaambia mkewe mgonjwa, na wanapotaka kumwona anamlaza Polly kitandani katika chumba chenye giza, amevaa nywele za bandia, ajifanye Sybil. Halafu Sybil wa kweli anarudi.

Nilipoitazama mara ya kwanza sikujua habari za talaka. Nilichokiona ni kwamba mizani imelegea: wageni wamesimama muda mrefu mno wakitazamana, na ugomvi wa Manuel na mpishi Terry kuhusu nani apike unafunikwa na kelele za juu. Nilipokuja kujua, nikairejea. Connie Booth, mke wa jana, analazwa kitandani kucheza mke wa mtu asiyeweza kumwambia mkewe neno moja la ukweli, na anayemsukuma alale ni mume wa jana. Maneno hayo waliyatunga wote wawili. Basil anamshika Sybil wa kweli mbele ya marafiki, anasema huyu ni mwanamke mwengine wa mjini anayefanana naye, na anamfungia katika kabati ya jikoni. Kama kichekesho, naendelea kuipa nafasi ya tano kati ya sita. Lakini ndiyo ninayoirudia kuliko zote, na sijapata kuirudia na mtu mwengine chumbani.

Hapo nirejee kwa Manuel, kwa sababu ndiye aliyenileta. Aliyemcheza hakuwa Mspaniola. Andrew Sachs alizaliwa Berlin mwaka 1930, baba yake Myahudi, na familia ikakimbilia Uingereza mwaka 1938, yeye akiwa mtoto wa miaka minane asiyejua lugha ya nchi aliyofikia. Cleese alipomwita kucheza mhudumu wa Kispaniola, aliuliza kama huyo mtu hawezi kuwa Mjerumani, kwa kuwa lafudhi hiyo angeiweza. Akakataliwa, akajifunza. Katika msimu wa kwanza alipigwa kichwani na sufuria la kweli pale palipotakiwa la uongo, na mara nyengine akaungua kwa dawa iliyotiwa katika koti lake litoe moshi. Alifariki mwaka 2016. Kwa miaka mingi kabla sijayajua haya nilimwona Manuel kuwa ni tusi. Siku hizi sina hakika. Yule anayecheza kutoelewa alikuwa anakumbuka kutoelewa.

Na ulipofika wakati wa kuuingiza mchezo katika lugha nyengine, Manuel ndiye aliyewatia watu jasho. Hispania walipoutia sauti za Kispaniola hawakutaka mjinga awe mwenzao, wakamgeuza Mwitalia na kumpa jina la Paolo. Wakatalani, ambao Barcelona ndio mji wao mkuu, walimfanya Mmeksiko. Kila mlango ulipobishwa, mjinga alisukumwa nyumba ya pili.

Sisi hatukuwa tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa watu sita tukikutana Alkhamisi usiku kusoma mashairi, na kwa mchezo tu nikaleta rasimu yangu ya usiku wa Mmarekani ili tuisome kwa sauti. Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati Bara walingoja mpaka 1994, kwa hivyo mahodari wa kuiga sauti hawakukosekana. Swali likazuka: Manuel awe nani? Wa kwanza akasema Mpemba. Mama yangu ni Mpemba. Wa pili akasema Mngazija, na mwenyeji wetu, aliyekuwa akitutilia kahawa, bibi yake alitoka Moroni. Wa tatu akataja kabila moja la Bara, kisha akakumbuka mke wa nduguye. Tulizunguka hivyo karibu saa nzima, kila mmoja akimtafutia mjinga kwao na kila mara akimkuta ni jamaa wa mtu aliyekaa mkekani. Mzee mmoja kati yetu, marehemu sasa, akasema, "Jamani, mwacheni mtu wa Barcelona abaki Barcelona, huko hatuna deni." Watu wakacheka, na usomaji ukaahirishwa. Rasimu ninayo hadi leo. Palipoandikwa asili ya mhudumu pana nafasi tupu iliyopigwa mstari.

Kuna pia suala la lile "Qué?". Nimelijaribia "ati?", nimelijaribia "lipi?", nimelijaribia "labeka". Hilo la mwisho ndilo lililonipendeza zaidi, kwa kuwa mwenye kuitika labeka hajasema kwamba hakuelewa. Amesema tu kwamba yupo.

Sehemu ya sita haikuwamo katika kanda ile ya hotelini. Kwa kweli ilikaribia kutokuwamo mahala popote. Mgomo ndani ya BBC yenyewe ulichelewesha kazi, na sehemu iliyotakiwa kuufunga msimu majira ya kuchipua ilionyeshwa tarehe 25 Oktoba 1979, miezi saba baada ya ya tano. Katika miezi hiyo nchi ilipiga kura, Margaret Thatcher akaingia madarakani mwezi Mei, na ile serikali aliyokuwa akiilalamikia Basil mbele ya maiti ikawa haipo. Mchezo ukamalizika katika Uingereza nyengine na ile ulioanzia. Hapakuwa na msimu wa tatu. Watunzi wote wawili walikataa. Booth baadaye aliacha uigizaji akawa mtabibu wa nafsi, jambo ambalo nikiikumbuka sehemu ya pili hunifanya nitabasamu. Mwaka 2024 Cleese alizisuka sehemu tatu za zamani kuwa tamthilia ya jukwaani mjini London, mojawapo ikiwa ile ya Bi Richards.

Niliiona sehemu ya sita miaka 14 baada ya kuziona zile nyengine, kwa diski niliyoletewa na binamu yangu anayeishi Uingereza. Bwana afya amekuja kuikagua hoteli, amekuta uchafu wa kila namna, ametoa muda wa saa 24. Wakati huo huo inabainika kwamba Manuel anafuga panya chumbani mwake. Dukani aliuziwa kwa jina la hamsta wa Siberia, naye aliamini. Amempa jina la bwana wake, Basil. Anaamrishwa amwondoe, hawezi. Anamhamisha na kumficha, panya anatoroka, nyama yenye sumu inachanganyika na nyama safi, na bwana afya anakaa kwenye meza ya chakula. Hapa mizani imerudi yote. Hakuna mlango unaofunguliwa bure, hakuna sahani inayopita bila kurudi. Na mara hii Manuel ana kitu chake mwenyewe anachokipenda, nacho kimoja tu, na anapoambiwa panya atauawa machozi yake si ya mzaha.

Polly analeta mezani kopo la biskuti. Linafunguliwa mbele ya bwana afya, na katikati ya biskuti kinachomoza kichwa cha panya kikimtazama. Yule bwana anabaki ameganda. Sybil anaanza kuzungumza habari za hali ya hewa. Basil ameanguka amezimia, na nyuma yao, kimya kimya, mhudumu wa Barcelona anamshika bwana wake miguu na kumburura sakafuni hadi nje ya chumba.

Nilikuwa nimekaa peke yangu. Nilibonyeza nirudi nyuma, nikamwangalia akimburura tena.